Maumivu Sugu na Afya ya Akili: Nusu ya Sentensi Isiyoandikwa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii aghalabu hutumiwa kumnyamazisha mtu anayehukumu mambo asiyoyajua. Ni nadra kuisikia pale inapostahili zaidi, yaani kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye huumwa kila uchao, asipone wala asife. Mtu aliyevunjika mguu huonewa huruma papo hapo. Plasta yake huonekana na kila mpita njia, majirani humletea uji, na baada ya majuma kadhaa plasta huondolewa na maisha yakaendelea. Lakini mtu ambaye mgongo wake umemuuma kwa miaka mitatu hana plasta ya kumwonyesha yeyote. Mwezi wa kwanza hupewa pole. Mwezi wa sita huanza kuulizwa maswali. Mwaka wa pili huambiwa kuwa anajidekeza, kwamba ni mvivu, au kwamba kuna mkono wa mtu. Hatimaye yeye mwenyewe huanza kushuku kuwa huenda watu wanasema kweli.

Makala haya yanamhusu mtu huyo. Yanadai mambo mawili. Kwanza, maumivu sugu ya mwili na maradhi ya nafsi ni ndugu wa damu, na anayetaka kumtibu mmoja huku akimfungia mwingine nje huishia kutomtibu hata mmoja. Pili, Kiswahili chenyewe kimekuwa kikiujua ukweli huu tangu zamani. Iwapo tunausahau hospitalini, nyumbani na madarasani, si kwa sababu lugha yetu imepungukiwa na maneno, bali ni kwa sababu tumeacha kuyasikiliza. Kwa hiyo suala hili si la madaktari peke yao. Ni letu pia sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Uhusiano wa pande mbili

Wataalamu huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu, au kurejearejea, kwa zaidi ya miezi 3. Mgongo, viungo vilivyoshikwa na baridi yabisi, kipandauso, maumivu ya nyonga ya wanawake, na miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari ni baadhi ya mifano yake. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, maumivu sugu yamepewa nafasi yake yenyewe. Hayahesabiwi tena kuwa dalili ya ugonjwa mwingine tu, kwani yanaweza kuwa ugonjwa kamili.

Fikra iliyotawala Ulaya kwa muda mrefu ilikuwa tofauti. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alieleza maumivu kwa mfano wa kamba na kengele: moto ukiugusa mguu, kamba huvutwa, na kengele hulia kichwani. Kwa maoni hayo, ukubwa wa maumivu hutegemea ukubwa wa jeraha, na pasipo na jeraha hapana maumivu ya kweli. Descartes huyohuyo ndiye anayekumbukwa kwa kuutenga mwili na akili kana kwamba ni wapangaji wawili wasiojuana, ingawa wanaishi katika nyumba moja.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliitikisa fikra hiyo. Walipendekeza kuwa ndani ya uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango. Habari za maumivu hupitia hapo zikielekea kwenye ubongo, na lango hilo huweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ubongo nao hutuma habari zake kushuka kwenye lango hilo. Hofu, huzuni, upweke na kukosa usingizi huweza kulifungua. Utulivu, matumaini na kushughulika na jambo lenye maana huweza kulifunga kiasi. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki: ubongo haupokei maumivu kama sanduku linavyopokea barua, bali hushiriki katika kuyaumba.

Kutokana na hayo tunaweza kuelewa ni kwa nini uhusiano huu una pande mbili. Anayeumwa usiku kucha hukosa usingizi, na anayekosa usingizi huumwa zaidi kesho yake. Anayeogopa kuumia huacha kutembea, misuli yake hudhoofika, naye huumia hata kwa hatua chache. Anayeacha kwenda kazini, kanisani, msikitini au kwenye chama cha akina mama hupoteza watu waliokuwa wakimchangamsha, na upweke humkaribisha kwenye sonona. Aliyekwisha kuingiwa na sonona naye huumwa kichwa, mgongo na tumbo hata kama awali hakuwa na ugonjwa wa mwili. Mlango wowote utakaoingilia, utajikuta katika nyumba ileile.

Hata dawa zinashuhudia undugu huu. Amitriptilini ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kama dawa ya sonona. Leo madaktari huitoa, kwa kipimo kidogo, kutuliza maumivu ya neva. Haisemekani kwamba kila anayeumwa anahitaji dawa hiyo. Hilo ni la daktari kuamua. Linalosemwa ni kwamba kemikali za ubongo zinazohusika na huzuni na zile zinazohusika na maumivu hazikutengwa kwa ukuta.

Lugha ilijua

Sasa na tuigeukie taaluma yetu. Chukua kitenzi uma. Mbwa huuma, nyoka huuma, jino huuma, na moyo pia huuma. Mama aliyefiwa husema moyo unamuuma na mwenye jipu husema jipu linamuuma, wala hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayeuliza ni yupi kati yao anayetumia neno hilo kwa maana yake halisi. Kutokana na kitenzi hicho tumepata maumivu, kuumia na kuumizana. Mtu huumia uwanjani, na huumia katika ndoa.

Chukua neno uchungu. Ni ladha ya mwarobaini ulimini, ni hali ya mwanamke anayejifungua, ni hisia ya aliyedhulumiwa, na ni majonzi ya mfiwa. Chukua dhiki, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni wembamba na kubanwa. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu za kisiasa kati ya 1969 na 1972, alilitia neno hilo katika jina la diwani yake iliyochapishwa mwaka 1973, nasi sote tukaelewa kuwa dhiki hiyo ni ya chumba chembamba na ya roho iliyobanwa kwa wakati mmoja. Hadi leo mgonjwa mwenye wasiwasi mwingi humwambia daktari kuwa kifua kinambana. Hasemi uongo wala hatumii tamathali ya usemi. Anaeleza anachokihisi.

Mfano ulio bora kuliko yote ni neno sonona lenyewe, ambalo wanaistilahi wamelichagua litaje ugonjwa wa huzuni iliyopindukia. Kabla ya kuwa istilahi ya kitabibu, neno hili na jamaa yake sononeka yalikuwa maneno ya maumivu: kusononeka ni kuumia, hususan kuumia moyoni. Kwa hiyo tunapomwambia mtu kwamba ana sonona, lugha inamwambia kwamba anaumwa. Haimwambii kuwa amerukwa na akili, wala kuwa ni dhaifu wa imani.

Isitoshe, Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kupambanua maumivu. Kichwa huwanga au hugonga. Kidonda hupwita. Tumbo husokota, ubavu huchoma, koo hukereketa, na miguu hufa ganzi. Maneno haya si mapambo. Mwaka 1975 Melzack huyohuyo alichapisha hojaji ya kupima maumivu yenye maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20. Miongoni mwayo, pamoja na maneno ya hisi kama vile kuchoma na kupwita, yamo ya hofu, ya kuchosha na ya kuadhibu. Alitambua kuwa neno analolichagua mgonjwa ni kipimo, sawa na kipimajoto. Yaani mwanasayansi aliyetaka kuyajua maumivu aliona hana budi kuanza kwa kukusanya msamiati. Ni nani anayepaswa kuifanya kazi kama hiyo kwa Kiswahili, ikiwa si sisi?

Fasihi yetu nayo ina la kusema. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, tunausoma na kuufundisha kama wasia wa mama kwa bintiye kuhusu ndoa, dini na adabu. Tumebishana madarasani hadi sauti zikatukauka iwapo unamdunisha mwanamke au la. Ni nadra kukumbushwa kwamba mwanzoni kabisa mtunzi anamweleza bintiye kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwamba hakupata kumwambia neno jema. Sehemu ya mwisho ya utendi imejaa dua, ikiwamo ya kuomba afueni. Huyu ni mgonjwa wa muda mrefu anayetunga akiwa mgonjwa. Akiusoma kwa jicho hilo, msomaji ataona kuwa wasia wenyewe ni tendo la mtu anayepigania kubaki na maana katika maisha ya wenzake huku mwili ukimkatalia. Tafsiri zilizopo zina uzito wake, wala siziondoi. Ninadai tu kwamba mgonjwa amekuwa mbele ya macho yetu kwa zaidi ya miaka 160, nasi tumempita bila kumjulia hali.

Nusu ya sentensi

Ikiwa lugha inajua hivyo, tatizo liko wapi? Liko pale lugha inapovuka meza ya daktari. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hadi kituo kimoja cha afya. Alikuwa na maumivu ya mgongo yaliyoanza baada ya miaka mingi ya kubeba mizigo sokoni. Mhudumu aliyempokea alikuwa kijana mwenye heshima, naye alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango. Alipomwuliza anaumwa wapi, shangazi alimjibu: "Mwanangu, mgongo huu umenila huu mwaka wa tatu. Usiku silali. Hata moyo umechoka, sioni tena faida ya kuamka."

Mhudumu aliandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya maumivu ya kiuno, muda miaka mitatu. Kisha akaandika vidonge vya kutuliza maumivu. Alikuwa ameandika nusu ya sentensi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi, ilibaki hewani. Hakuipuuza kwa ubaya. Nadhani aliichukua kuwa ni maneno tu ya mama aliyechoka, mfano wa dibaji na tamati ambazo wazee hupenda kuzitia katika mazungumzo. Fomu iliyokuwa mbele yake ilikuwa na nafasi ya mgongo. Haikuwa na nafasi ya moyo.

Vidonge hivyo vilimpa nafuu ya saa chache na kidonda cha tumbo. Ilipita miezi minane kabla ya muuguzi mmoja, mahali pengine, kuketi naye na kumwuliza swali fupi: "Na moyo wako, Mama, unaendeleaje?" Shangazi alilia kwa muda mrefu, kisha akazungumza. Alipewa matibabu ya sonona, akafundishwa mazoezi mepesi ya mgongo, na akashauriwa arudi kwenye chama chake hata kama ataketi kwa nusu saa tu. Mgongo haujapona. Lakini analala, anaamka, na huwakaripia wajukuu kama zamani. Tofauti kati ya hospitali hizo mbili haikuwa mashine wala pesa. Ilikuwa ni swali lililoulizwa kwa Kiswahili alichokielewa.

Si wazee tu wanaopatwa na haya. Wafikirie vijana wenye ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea zaidi katika kaunti za kandokando ya Ziwa Viktoria, za Magharibi na za Pwani. Jina lenyewe, lililoundwa kwa maneno seli na mundu, linaeleza ugonjwa vizuri: chembe nyekundu za damu hujipinda mithili ya mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu makali huibuka mifupani, kifuani au tumboni. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, wala hauletwi na kosa la mtu. Maumivu hayo huja bila hodi, huenda, kisha hurudi. Mwanafunzi aliyecheza jana leo hawezi kuinuka, na mwalimu asiyejua huona ujanja. Anapofika hospitalini akiomba dawa kali kwa kuwa anajua ipi humsaidia, huenda akashukiwa kuwa mraibu. Kijana anayekua akishukiwa mwaka baada ya mwaka hujifunza kunyamaza, na ukimya huo ni shamba lenye rutuba la sonona. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaoteseka kwa maumivu yanayoweza kutulizwa. Kichwa chake kiliyaita maumivu hayo kuwa yasiyo ya lazima. Naam, mengi si ya lazima, na yale ya kutoaminiwa ndiyo yasiyo ya lazima kabisa.

Tatizo la neno akili

Kuna pingamizi moja lenye nguvu ambalo sharti tulijibu. Ukimweleza mwenye maumivu ya mgongo kuhusu afya ya akili, huenda akakasirika. Husikia kwamba unamwambia maumivu yake ni ya kuwazia tu, au kwamba ana wazimu. Hasira hiyo ina sababu. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilianzisha Nairobi hospitali iliyoitwa ya wendawazimu, ambayo leo tunaijua kama Mathari, na kwa vizazi kadhaa jina la mahali hapo limetumiwa mitaani kama tusi. Kwa Mkenya wa kawaida, mgonjwa wa akili si mtu mwenye huzuni. Ni mtu anayeokota takataka barabarani.

Hapa tafsiri imetuponza. Katika Kiswahili, akili ni uwezo wa kufikiri na kupambanua; ndiyo maana tunasema mtoto ana akili darasani. Makao ya huzuni, furaha, hofu na matumaini si akili, bali ni moyo, roho na nafsi. Tulipoutafsiri msamiati wa kigeni neno kwa neno, tulimpeleka mgonjwa wa moyo uliovunjika katika chumba cha waliopungukiwa na akili. Sipendekezi tuifute istilahi ambayo imekwisha kuingia katika sheria na sera. Ninapendekeza kwamba daktari anapozungumza na mgonjwa aache istilahi kabatini na amwulize habari za moyo wake. Maana ya kitabibu haitapotea, na heshima ya mgonjwa itabaki.

Wenzetu wa Zimbabwe wametuonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Tangu mwaka 2006 mpango ulioanzishwa Harare na daktari Dixon Chibanda umewatumia wanawake wazee wa mitaani kuwasikiliza watu wenye sonona, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Hawatumii istilahi za vitabuni. Huzungumzia kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, na hatua ya kwanza ya usaidizi huitwa kwa neno la Kishona linalomaanisha kuifungua akili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosaidiwa kwa njia hiyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kiswahili nacho kina kuwaza sana na mawazo mengi. Kinakosa benchi tu.

Kujikaza hakutoshi

Pingamizi la pili hutoka kwetu wenyewe, katika mila ya kusifu ustahimilivu. Mvumilivu hula mbivu. Subira yavuta heri. Mwanamume halii. Kijana wa Nairobi huambiwa ajikaze kisabuni. Siidharau subira, kwani bila subira hakuna anayeweza kuishi na maumivu kwa mwaka mmoja, sembuse ishirini. Lakini subira ni kustahimili lisiloepukika, ilhali kuficha ni kustahimili linaloweza kupunguzwa. Wahenga walewale waliosifu uvumilivu ndio waliotuonya kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Tumeikariri methali ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kuficha huku kulipewa nguvu na sheria. Hadi juzi tu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa ambalo adhabu yake ingeweza kufika kifungo cha miaka 2. Fikiria mtu ambaye maumivu yamemfikisha mahali pa kutamani kifo. Akimweleza daktari, amejiweka karibu na polisi. Asipomweleza, amebaki peke yake na wazo hilo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, hukumu ya mahakama haiondoi aibu iliyokaa vinywani mwa watu. Anayesema hana tena hamu ya kuishi hahitaji mahubiri wala kifungo. Anahitaji mtu wa kuketi naye na wa kumfikisha kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Pingamizi la tatu ni la wakati na rasilimali. Ni kweli kwamba foleni ni ndefu na wataalamu ni wachache. Mwaka 2020 jopokazi lililoundwa na serikali lilipendekeza hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Hata hivyo, kumwuliza mgonjwa maswali mawili, yaani iwapo katika majuma mawili yaliyopita amekuwa na moyo mzito na iwapo mambo yaliyokuwa yakimfurahisha bado yanamfurahisha, hakuchukui hata dakika moja. Anayesema hana dakika hiyo atazitumia nyingi zaidi mgonjwa atakaporudi mara ya tano na maumivu yaleyale.

Kazi yetu

Ni wajibu wa mwandishi wa maoni kusema linalopaswa kufanywa. Nina mapendekezo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

Mosi, vyama vya Kiswahili vyuoni vikusanye msamiati wa maumivu kama unavyotumiwa na wagonjwa wenyewe, Pwani, Bara na mijini, na kuupanga kwa makundi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kuchambua kwa mara ya mia riwaya ambayo imekwisha kuchambuliwa mara tisini na tisa.

Pili, vyuo vinavyofunza matabibu na wauguzi vishirikiane na idara za Kiswahili kuwafunza wanafunzi wao kuzungumza na mgonjwa. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Katiba hiyohiyo inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Haki hizi mbili hukutana pale mgonjwa anapofungua kinywa. Asipoeleweka, zote mbili zimekiukwa kwa pamoja.

Tatu, tuandike vijitabu vifupi kwa lugha nyepesi, vitakavyomweleza mwenye maumivu sugu mambo matatu: kwamba maumivu yake ni ya kweli hata kama picha za eksirei hazionyeshi kitu, kwamba moyo kuchoka ni sehemu ya ugonjwa wala si aibu, na kwamba kuna msaada kwa yote mawili.

Nne, walimu wa fasihi tuwasome upya wagonjwa walio katika tungo zetu, tukianza na mama yule wa Lamu. Mwanafunzi aliyejifunza kusikia maumivu katika ubeti huenda akayasikia pia sebuleni kwao.

Hitimisho

Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilipoirekebisha fasili yake mwaka 2020, kilishikilia kuwa maumivu ni tajiriba ya hisi na ya hisia kwa pamoja, kikaongeza kuwa kauli ya mtu anayesema anaumwa inapaswa kuheshimiwa. Ilihitaji wataalamu wa mataifa mengi na miaka mingi ya utafiti kulifikia tamko hilo. Bibi zetu walilifikia kwa kitenzi kimoja chenye herufi tatu.

Lakini kuwa na neno si kuwa na tiba, na fahari ya lugha haimlazi mgonjwa usingizi. Kiswahili kitakuwa kimemfaa mwenye maumivu siku atakapoweza kuieleza sentensi yake yote, mwili na moyo, kwa mtu aliyefunzwa kuisikiliza hadi mwisho na mwenye fomu yenye nafasi ya kuiandika. Basi, msomaji mpenzi, ukikutana leo na mtu ambaye kila siku husema anaumwa, usimwambie ajikaze. Mwulize anaumwaje, kisha mwulize moyo wake unaendeleaje, na usiwe na haraka ya kuondoka kabla hajakujibu.